Mtu Mzima na Katuni ya Watoto

SOMO LA VIKUNDI



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya mbegu, mbuzi wa maziwa, maji safi na daftari za hesabu. Leo tunawaletea jambo ambalo wengine mtaliona ni mchezo: watu wazima wanaopenda katuni ya watoto, na jinsi watu wengine wanavyowaona. Tafadhali msicheke kwanza. Sisi tulicheka, na kicheko chetu kidogo tu kingepotezea kikundi kimoja mweka hazina mwaminifu.

Shabaha ya somo. Mwisho wa somo wanakikundi waweze:
1. Kutofautisha kitu ambacho mtu anakipenda na vitendo vyake.
2. Kujua ni swali gani la haki kumwuliza mwenzao, na ni lipi la kumwonea tu.
3. Kukubaliana jinsi ya kupokea maneno ya sokoni yanapoingia katika mkutano.

Muda: saa moja na nusu. Vifaa: karatasi kubwa na kalamu. Kama hakuna, kijiti na ardhi vinatosha.

SEHEMU YA KWANZA: KISA CHA FUNDI
(Asomaye asome polepole, wengine wasikilize.)

Kuna kikundi kimoja tunachokitembelea, cha watu 22, akina mama 15 na akina baba 7. Kila wiki kila mmoja anatoa shilingi 100, na wana mfuko wa kukopeshana. Mweka hazina wao ni fundi wa baiskeli, mtu wa makamo, ana mke na watoto wanne.

Jumamosi jioni, akishafunga kazi, fundi huyu huenda kwenye hoteli ya pale sokoni yenye televisheni. Mwenye hoteli huwawekea watoto katuni mpaka saa kumi na mbili. Fundi ananunua chai yake, anakaa kwenye benchi pamoja na watoto, anaangalia katuni ya farasi wadogo wa rangi rangi wanaoongea na kuimba. Na si kuangalia tu. Anacheka mpaka anafuta machozi, na farasi wenyewe anawajua wote kwa majina.

Basi maneno yakaanza. Mmoja akasema, "Huyu ana akili za kitoto, hata pesa zetu atazichezea." Mwingine akasema, "Mwanaume mzima na vifarasi vya rangi ya waridi! Ni haya gani hii?" Na mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Na anatafuta nini kwa watoto wetu?"

Siku ya mkutano, jambo la tatu katika ajenda likawa kumbadilisha mweka hazina. Sisi tulikuwa tumealikwa kuongoza. Tulipoelezwa sababu, tulicheka pamoja nao. Lazima tukiri hivyo. Fundi alikuwa amekaa pale pale, anaangalia viatu vyake, hakusema neno.

Ndipo mama mmoja mzee, ambaye hajui kusoma, akainuka akasema, "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Hesabu zina kasoro?"

Kukawa kimya. Hakuna aliyekuwa amefungua daftari.

Hapo tuache kisa kwanza. Tutakirudia mwishoni.

SEHEMU YA PILI: KUMBE WAKO WENGI

Baada ya siku ile tuliona haya, tukaamua kuuliza na kusoma. Tukagundua ya kwamba fundi wetu hayuko peke yake. Ng'ambo, hasa Marekani, watu wazima wanaoipenda katuni ile ile wamekuwa maelfu, na wana jina lao.

Katuni hiyo inaitwa My Little Pony: Friendship Is Magic, yaani inasema kwamba urafiki una nguvu ya ajabu. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 10 Oktoba 2010, ikamalizika tarehe 12 Oktoba 2019. Kampuni ya Hasbro ilikuwa imeuza vinyago vya farasi hao tangu miaka ya 1980, na waliovinunua zaidi ni wasichana wadogo. Aliyeitengeneza katuni hii mpya ni mama mmoja mchoraji, Lauren Faust, ambaye alipokuwa mtoto alivichezea vinyago hivyo. Alitaka wasichana wapate hadithi nzuri yenye maana, na mzazi akikaa na mtoto wake kuiangalia asichoke.

Mwezi ule ule wa Oktoba 2010 mtu mmoja anayeandika habari za katuni alilalamika ya kwamba hadithi kama hizo ni za kuuza vinyago tu. Vijana waliokuwa wakibishana kwenye intaneti wakasema, hebu tukaione hiyo katuni tuicheke. Wakaenda kucheka, wakakaa. Wakaanza kujiita Bronies, jina lililounganisha neno la Kiingereza la "kaka" na lile la "farasi mdogo". Wanawake wazima pia wamo.

Mwaka 2011 walifanya mkutano wao wa kwanza mjini New York, watu kama 100 hivi. Mwaka 2015 mkutano huo huo, katika mji wa Baltimore, ulikuwa na watu zaidi ya 10,000. Wa mwisho ulikuwa mwaka 2019, katuni yenyewe ilipokuwa inamalizika.

Wanasaikolojia wawili wa South Carolina, Patrick Edwards na Marsha Redden, walikaa miaka kadhaa wakiwauliza maswali mashabiki hawa. Waliojibu, wengi sana walikuwa wanaume, na wengi walikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Walikuwa wanafunzi, wafanyakazi, hata askari jeshi. Si watu waliopotewa na akili.

SEHEMU YA TATU: WANAPENDA NINI HAPO?

Tukitaka kumwelewa mtu tuanze kwa kuuliza anachokiona, kabla ya kumwambia tunavyomwona sisi.

Katika katuni hii kuna marafiki sita. Applejack ni mkulima wa matofaa, asiyependa uongo. Fluttershy ni mwenye huruma, lakini mwoga. Rainbow Dash hamwachi rafiki, lakini ana majivuno. Rarity ni mshonaji wa nguo, mkarimu, ila anapenda sana kujipamba. Pinkie Pie ni wa kuchekesha, na wakati mwingine anachosha. Wa sita, Twilight Sparkle, ni msomi aliyejua vitabu vyote lakini hakuwa na rafiki. Katika hadithi za mwanzo, kila akipata funzo juu ya urafiki anamwandikia barua malkia wao kumweleza alichojifunza.

Ni hayo tu. Marafiki wanakosana, wanaumizana kwa maneno, kisha wanarudiana. Si ajabu mtu mzima akiyapenda. Ni vijana wangapi waliofundishwa na baba zao jinsi ya kuomba radhi? Mvulana tunamfundisha kutolia, kutojali, kutoonyesha kitu. Halafu akiwa mtu mzima tunashangaa hawezi kuongea na mke wake.

Wengi wa mashabiki hao hawakuishia kuangalia tu. Walitunga nyimbo, walichora, walishona. Walitoa nyimbo zao ili kuchangisha pesa kwa shirika linalohudumia watoto wenye saratani. Wengine walianzisha mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wanaosomea uchoraji wa katuni katika chuo cha CalArts huko California. Sisi watu wa harambee tunayajua mambo hayo: watu wanaanza kwa kukutana kufurahi, kisha wanajikuta wana mfuko.

SEHEMU YA NNE: WALIO NJE WANASEMA NINI?

Tulipokusanya maneno ya watu wa nje, huko Marekani na hapa kwetu, tuliona yanafanana sana. Ni matatu.

La kwanza: "Ni kitu cha watoto." Hili ni dogo. Bibi akimsimulia mjukuu hadithi ya sungura na fisi, nani anacheka zaidi? Ni bibi mwenyewe. Hadithi njema haiulizi umri.

La pili: "Ni kitu cha wasichana." Hapa ndipo penye mzizi. Tazama mwanaume anayevaa shati la timu ya mpira, anapaka uso rangi, anapiga kelele mpaka sauti inakauka, na timu yake ya Uingereza ikifungwa hali chakula. Nani anamwita mtoto? Hakuna. Tunasema ni shabiki. Lakini akipenda farasi wa rangi ya waridi tunasema ana kasoro. Tofauti iko wapi? Ni kwamba kimoja tunakiita cha wanaume na kingine cha wasichana. Enyi akina mama, hapa tusikilizane vizuri. Tukimcheka mwanaume kwa sababu amependa kitu cha wasichana, tunawaambia nini wasichana wetu wanaotusikia? Tunawaambia kwamba vyao ni vya chini, na kuvipenda ni aibu.

Na aibu hiyo huwaangukia wadogo. Mwaka 2014, katika jimbo la North Carolina, mvulana wa miaka 9 alikuwa anakwenda shule na mkoba wenye sura ya farasi Rainbow Dash. Wenzake walimtukana, walimsukuma, walimpiga. Shule ikamwambia auache mkoba nyumbani, ati ndio unaoleta matata. Angalieni jambo hilo: aliyepigwa ndiye aliyeambiwa abadilike. Watu wengi walipinga, na mwishowe shule ikamruhusu arudi na mkoba wake. Lakini ni mara ngapi sisi pia tunafanya hivyo? Mtu anaonewa, halafu tunamshauri yeye, "Si uache tu hayo mambo yako?"

La tatu: "Mtu mzima anatafuta nini kwa watoto?" Hili si la kucheka wala la kufagia chini ya mkeka. Mzazi anayo haki ya kuuliza. Tena tuseme ukweli wote, penye wengi pana mengi. Kati ya mashabiki wa Marekani walikuwako waliochora picha chafu za farasi hao na kuzitoa mahali ambapo hata mtoto angeweza kuzikuta. Hilo ni kosa, na kusema "ni mapenzi yangu tu" hakulifuti. Kitu kilitengenezwa kwa ajili ya watoto, na mtu mzima anayekipenda ni mgeni pale. Mgeni hachafui nyumba.

Basi tunafanyaje? Tunauliza juu ya vitendo. Amefanya nini? Wapi? Mbele ya nani? Nani ameona? Jibu likiwa baya, hatua ichukuliwe siku hiyo hiyo. Jibu likiwa "hakuna, ila anapenda katuni tu," basi tumepata jibu, na tunyamaze.

SEHEMU YA TANO: KISA CHA PUNDA MILIA

Ndani ya katuni hiyo hiyo kuna hadithi moja, iliyoonyeshwa Desemba 2010, ambayo ingetufaa kabisa katika mkutano wa kikundi.

Karibu na mji wa wale farasi, ndani ya msitu, anaishi punda milia mmoja aitwaye Zecora. Mara moja kwa mwezi anakuja mjini. Akionekana tu, wote wanakimbia, wanafunga milango na madirisha, maduka yanafungwa. Wanasema ni mchawi. Ushahidi wao ni nini? Ana milia. Anavaa joho. Anakaa msituni. Anachimbachimba ardhi kwa kwato.

Mtoto mmoja, Apple Bloom, akaamua kumfuata aone mwenyewe. Wakubwa wakamkimbilia kumwokoa, wakakanyaga majani ya buluu. Zecora akawaonya kwa sauti, lakini wao wakadhani anawalaani. Kesho yake wakaamka na matatizo ya ajabu, kila mmoja na lake. Wakasema, "Mnaona? Ametuloga!" Wakaenda nyumbani kwake kwa hasira, wakakuta chungu kinachemka, wakahakikisha kabisa kwamba anapika mtoto.

Kumbe majani yale ndiyo yaliyokuwa na mzaha, na Zecora alikuwa amewaonya wasiyakanyage. Ndani ya chungu ilikuwa dawa ya miti shamba, na mtoto alikuwa anamsaidia. Kila alipokuja mjini, alikuja kununua vitu tu, akakuta milango imefungwa.

Mnaona? Mambo yote waliyoyataja yalikuwa kweli. Milia alikuwa nayo. Chungu kilikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza. Na hapa kwetu Kenya, kwa mfano Kilifi na Kisii, tunajua wazee waliouawa kwa kuitwa wachawi. Jambo linaloanza kwa minong'ono halikomi kwa minong'ono.

SEHEMU YA SITA: TURUDI KWA FUNDI

Yule mama mzee alipouliza juu ya hesabu, mwenyekiti aliagiza daftari zifunguliwe. Watu watatu walihesabu. Ilichukua karibu saa mbili. Pesa zilikuwa kamili mpaka shilingi ya mwisho, na risiti zote zilikuwa zimebanwa pamoja kwa mwezi. Aliyekuwa nyuma katika kulipa mkopo alikuwa mmoja wa wale waliopiga kelele zaidi.

Swali la yule mama mwingine halikuachwa. Liliulizwa mbele ya fundi, kwa heshima. Mwenye hoteli aliitwa. Akasema mlango uko wazi siku zote, wazazi wanaingia na kutoka, na fundi hajawahi kuondoka na mtoto wa mtu wala kumwita pembeni. Kikundi kikaweka sharti, na halikuwa la fundi peke yake bali la watu wazima wote: asiwepo mtu mzima wa kukaa faraghani na mtoto asiye wake, na mtoto akilalamika asikilizwe, na habari zifike kwa mzazi na kwa chifu bila kuchelewa. Sharti ni la wote kwa sababu anayedhuru mtoto mara nyingi ni yule ambaye hakuna anayemshuku.

Mwishowe fundi aliulizwa, mara ya kwanza tangu maneno yaanze, kwa nini anapenda katuni ile. Akasema, "Kutwa nzima nasikia watu wakigombana nami juu ya bei ya kuziba pancha. Pale naona marafiki wanakosana, halafu wanapatana. Nacheka, narudi nyumbani nikiwa na roho nyepesi. Watoto wangu wanajua Jumamosi baba hapigi kelele."

Tulimwomba radhi. Aliendelea kuwa mweka hazina. Lakini tusidanganyane kwamba yote yaliisha siku ile. Kwa wiki nyingi hakwenda hotelini. Watoto walikuwa wakiuliza, "Fundi yuko wapi?" Mara ya mwisho tulipopita pale tulimkuta amerudi, lakini sasa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Hiyo ndiyo gharama ya kicheko chetu, na haikuandikwa katika daftari lolote.

MASWALI YA KUJADILI
(Mgawanyike watu watano watano. Kila kundi dogo lichague mmoja wa kuripoti.)

1. Katika kisa cha fundi, ni maneno gani yalikuwa juu ya vitendo vyake, na ni yapi yalikuwa juu ya kitu anachokipenda tu?
2. Kwa nini shabiki wa mpira hachekwi, na shabiki wa katuni anachekwa?
3. Je, katika kikundi chetu kuna mtu tuliyemnyima kazi au mkopo kwa sababu ya maneno tu? Msitaje jina. Semeni tulikosa nini.
4. Mama aliyeuliza juu ya watoto alikosea? Angeuliza wapi na namna gani ili apate jibu bila kumvunjia mtu heshima?
5. Sisi wakubwa tunapata wapi nafasi ya kucheka na kupumzika? Akina mama nao wanaipata?

ZOEZI LA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi amtafute mtu mmoja ambaye amezoea kumwona wa ajabu. Amwulize swali moja tu: "Unapenda nini katika jambo hili?" Kisha anyamaze, asikilize mpaka mwisho. Asimshauri, asimbishie.

YA KUKUMBUKA

Pesa za kikundi zinalindwa na daftari. Watoto wanalindwa na macho yetu na masharti tunayoyashika wote. Kicheko hakilindi kitu.

Tuandikieni mtuambie mjadala ulikwendaje. Na mkipita sokoni Jumamosi jioni mkamwona mtu mzima kwenye benchi la watoto, msalimieni kwanza. Huenda akawapa nafasi mkae.